Msumeno wa meza ya kuteleza au msumeno wa kabati: upi uingie kwenye karakana ya mita 5 kwa 8?

Swali: Nina karakana ya mita 5 kwa 8 na ninafanya kazi na kijana mmoja. Zaidi ya nusu ya kazi zangu ni makabati ya jikoni na ya nguo, kwa bodi za melamini na MDF. Zinazobaki ni milango na meza za mbao ngumu. Kwa sasa natumia msumeno mdogo wa meza wa kubebeka, na nimechoka kupiga msasa na kuziba kingo zilizomeguka. Uwezo wangu ni wa mashine moja tu. Ninunue msumeno wa meza ya kuteleza, au msumeno wa kabati wa inchi 10? Umeme nilio nao ni wa fezi moja.

Jibu: Fundi mwenzangu, kwa kazi ulizozitaja nunua wa meza ya kuteleza, wenye kigari (ile sehemu ya meza inayoteleza) cha mita 2.6 hivi. Usichukue wa mita 3.2. Ila usitoe pesa kabla hujanisoma mpaka mwisho, maana katika barua yako kuna mambo mawili, nafasi na umeme, yanayoweza kuligeuza jibu hili.

Tuanze na kinachotofautisha mashine hizi, kwa sababu watu wengi hutazama ukubwa na bei wakasahau kutazama mbao inavyotembea. Msumeno wa kabati umeitwa hivyo kwa sababu mota na mitambo yake imefungiwa ndani ya sanduku zito la chuma chini ya meza. Meza yenyewe haisogei. Wewe ndiye unayeusukuma ubao, na kinachounyoosha ni fensi, ule ukingo mrefu ulionyooka ulio upande wa kulia wa bladi. Ubao unateleza juu ya chuma huku ubavu wake ukisugua fensi, na mikono yako ina kazi mbili kwa pamoja: kusukuma mbele na kukandamiza kwenye fensi. Kwenye meza ya kuteleza, ubao umelala juu ya kigari kinachopita sambamba na bladi, karibu kabisa nayo, upande wa kushoto. Ukishaukaza kwa klampu haugusani tena na kitu kingine. Kigari kinaubeba, wewe unasindikiza.

Wazo hilo lina umri mkubwa. Mjerumani Wilhelm Altendorf alilitengenezea mashine mwaka 1906, na mpaka leo wako mafundi wanaoiita mashine yoyote ya aina hii kwa jina lake, hata kama imetoka kiwanda kingine. Ulaya ilishika njia hiyo. Marekani ilikwenda na msumeno wa kabati, na mtindo wake ulikuwa umeshakomaa kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930. Ndiyo maana ukitafuta ushauri mtandaoni unakutana na kambi mbili zinazobishana bila kusikilizana: kila mmoja anatetea mashine aliyofundishiwa kazi.

Sasa twende kwenye melamini, maana hapo ndipo maumivu yako yalipo. Meno ya bladi kuu yanashuka kutoka juu kuja chini, kwa hiyo yanaingia kwenye uso wa juu wa bodi na kutokea uso wa chini. Yanapotokea hayana kitu cha kuyaegemea, yanang'oa ngozi ya melamini. Unageuza kipande na kukuta ukingo una vijino vyeupe mfano wa nyama iliyotafunwa. Bladi nzuri yenye meno mengi, yale ambayo jino moja lina kilele bapa na la pili limepunguzwa pembe, inasaidia sana. Kwa kipenyo cha milimita 300, meno 96 ndiyo saizi ya kazi hiyo. Lakini haimalizi tatizo, hasa bodi ikiwa ya daraja la chini.

Msumeno wa meza ya kuteleza wa kiwango cha kazi una bladi ya pili, ndogo, kwa kawaida ya milimita 120, iliyokaa mbele ya bladi kuu. Hiyo ni bladi ya kuchanja. Inazunguka kinyume na ile kubwa, na inachanja ngozi ya chini ya bodi kwa kina cha milimita 1 mpaka 2 kabla bladi kuu haijafika. Meno makubwa yanapotokea chini yanakuta njia imeshafunguliwa, hayana cha kung'oa. Pitisha kidole ukingoni, juu na chini, na utasikia ukali ule ule pande zote mbili. Kipande kinatoka hapo na kwenda moja kwa moja kubandikwa utepe wa ukingo. Ukiwa na kabati la vipande thelathini, muda unaookolewa kwenye msasa na kwenye kuziba mapengo ndio faida yako.

Bladi ya kuchanja inataka kupangwa, na hapa naomba uwe na subira. Upana wake lazima ulingane na mkato wa bladi kuu, au uzidi kwa unywele, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nakumbuka kazi moja ya makabati ambayo niliipasua yote asubuhi bila kupima upya baada ya kubadilisha bladi kuu. Mchana tunabandika utepe, tukaona unakaa vizuri juu lakini chini kuna ngazi ndogo, unaiona ukiinamisha kipande kwenye mwanga. Bladi ya kuchanja ilikuwa imehama upande mmoja kwa theluthi ya milimita. Vipande vyote vilirudi mashineni kupunguzwa, na vipimo vya kabati zima vikabadilika. Tangu siku ile, kila bladi kuu inapobadilishwa au kunolewa, nakata kwanza kipande cha taka na kukitazama kwa chini kabla bodi ya mteja haijagusa kigari. Uipe tabia hiyo karakana yako kuanzia siku ya kwanza.

Jambo la pili linalokuhusu ni uzito. Bodi nzima ya milimita 18, ya 1220 kwa 2440, ina kilo 35 mpaka 40. Kwenye msumeno wa kabati inabidi uinyanyue, uiweke mezani, uikandamize kwenye fensi na uisukume, wakati sehemu kubwa ya bodi iko hewani. Kijana wako atasimama upande wa pili kupokea, na akivuta kidogo tu nje ya mstari, bodi inaachana na fensi na mkato unapinda. Kwenye kigari unaiegemeza ukingoni, unaiinua nusu, unailaza, unaisukuma kwa kidole. Mtu mmoja anaweza kupasua bodi kumi kwa siku na jioni mgongo ukawa bado wake.

Wapo watakaokwambia: nunua msumeno wa kabati, kisha uongeze msumeno wa mkononi unaopita kwenye reli kwa ajili ya bodi. Ushauri huo nauheshimu, na kwa mtu ambaye bodi ni robo ya kazi zake ningemwambia hivyo hivyo. Unalaza bodi chini juu ya vipande vya foamu, unaweka reli kwenye alama, unakata. Reli ina ukingo wa mpira unaokandamiza ngozi ya bodi, kwa hiyo mkato ni safi. Lakini kila mkato ni kupima, kuweka alama mbili, kulaza reli, kukata, kuhamisha. Kwenye fensi ya mkato ya kigari, ile iliyofungwa juu yake kwa ajili ya kukata kwa upana, unaweka kizuizi kwenye namba mara moja tu, na vipande kumi na viwili vya ubavu wa kabati vinatoka vimelingana bila kushika tena penseli. Kwa kuwa bodi ndiyo kazi yako kubwa, reli itakuchosha ndani ya miezi michache.

Mbao ngumu nazo? Hapa watu hudhani meza ya kuteleza imeshindwa, na sikubaliani nao. Chukua ubao wa meza unaokuja bado una magome pande zote mbili, hauna hata ukingo mmoja ulionyooka. Kwenye msumeno wa kabati huwezi kuuegemeza kwenye fensi mpaka uunyooshe kwa randa au uupigilie kwenye bodi nyingine iliyonyooka. Kwenye kigari unaulaza, unaukaza mbele na nyuma, unapita mara moja, na unapata ukingo ulionyooka urefu wote. Mwenye macho anachagua hapo hapo mstari wa ukingo ufuate nyuzi za mbao, jambo linaloipa meza uso mzuri kuliko kukata kufuata umbo la gogo.

Ninachokiri ni kwamba kupasua vijiti vyembamba vingi, kama vya fremu au vya kimiani, ni kazi ambayo msumeno wa kabati unaifanya kwa utulivu zaidi. Unaweka fensi, unasimama mbele, unasukuma kimoja baada ya kingine. Kwenye meza ya kuteleza, kigari chenyewe kinakuzuia kusimama pale mikono yako inapotaka, na inabidi ujifunze kufanya kazi ukiwa ubavuni. Mtu aliyezoea msumeno wa kabati huona wiki za kwanza kama amekatwa mkono. Baadaye anaona ni salama zaidi.

Na kwenye usalama sitaharakisha. Bladi ya inchi 10 ikizunguka mara 4000 kwa dakika, ncha za meno yake zinakwenda mita 53 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 190 kwa saa. Ubao ukiguswa na meno ya nyuma, yale yanayopanda juu, unanyanyuliwa na kurushwa kwa aliyesimama mbele. Nilikuwa bado kijana wa kujifunza, kwenye karakana ambayo kile kisu cha nyuma ya bladi, lile bamba la chuma linalouzuia mkato usijifunge, kilikuwa kimefunguliwa na kuwekwa kwenye droo kwa sababu "kinachelewesha". Ubao uliokuwa na mkazo ndani yake ulijifunga kwenye bladi nikiwa nimebakiza kama sentimita ishirini. Sikuuona ukitoka. Nilisikia kishindo na paja likafa ganzi, na kovu lipo hadi leo. Kwa hiyo, mashine yoyote utakayonunua, bamba hilo liwepo, liwe umbali wa milimita 3 mpaka 8 kutoka kwenye meno, na liwe jembamba kuliko mkato lakini nene kuliko mwili wa bladi. Muuzaji akikwambia limepotea, punguza imani yako kwa mashine nzima.

Meza ya kuteleza inakuweka kushoto, nje ya mstari wa kurushwa. Hilo peke yake kwangu lina uzito wa nusu ya uamuzi, hasa kwa kuwa una kijana anayejifunza. Kwa vipande vidogo, mafundi wa Ujerumani wana vifaa viwili vya mbao wanavyoviita Fritz na Franz: kimoja kinakaa mbele ya kigari, kingine unakishika nyuma, kipande kinabanwa kati yao na vidole havifiki karibu na bladi. Unavitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya plaiwudi kwa saa moja. Kuna kosa moja la meza ya kuteleza ambalo kijana wako lazima alijue: unapokata kwa upana huku umeitumia fensi ya kulia kama kizuizi cha kipimo, ivute fensi nyuma iishie kabla ya bladi. Ikiendelea mpaka nyuma ya bladi, kipande kilichokatika kinabanwa kati ya fensi na meno, kisha kinaruka.

Kwa upande wa msumeno wa kabati, haki itendeke. Mwaka 2004 kampuni ya Marekani iitwayo SawStop ilianza kuuza misumeno inayotambua ngozi ya binadamu. Bladi ina umeme mdogo unaopimwa muda wote. Ukiigusa, kipande cha alumini kinarushwa kwenye meno na bladi inasimama ndani ya sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde, kisha inazama chini ya meza. Bladi na breki vinabadilishwa, kidole kinabaki na mchubuko. Mashine ya namna hiyo ikikufikia, na bodi zako zikiwa chache kuliko ulivyoniandikia, ningekuelewa kabisa ukiichagua. Mbao mbichi ndiyo huisumbua, kwa sababu maji hupitisha umeme na breki inaweza kufyatuka bila kosa.

Sasa nafasi. Kila msumeno unadai urefu wa bodi mara mbili: mara moja kabla ya bladi, mara moja baada yake. Tofauti ni kwamba msumeno wa kabati unadai nafasi hiyo siku ya bodi nzima tu, na siku nyingine unazungushia meza za kazi. Kigari hakikunjwi. Kigari cha mita 2.6 kinahitaji karibu mita 5.6 za kwenda na kurudi, na ukijumlisha na wewe kupita, hesabu mita 6.5. Cha mita 3.2 kinafika karibu mita 7.5, na kwenye mita zako 8 kitaingia kwa kubanwa, ukuta huku na ukuta kule. Ndiyo maana nimekuelekeza kwenye 2.6. Bodi ya 2440 inapita vizuri. Zikikujia bodi ndefu kuliko hapo, zikate kwanza kwa urefu uliozidi kidogo kwa msumeno wa mkononi, kisha malizia kwenye kigari. Kwa upana, mkono wa fensi ya mkato ukitokeza kushoto na meza ya kulia ikipokea, utakuwa umetumia mita tatu na nusu au zaidi kati ya tano zako. Benchi lako la kuunganishia makabati litabanwa, na inabidi uamue sasa litakaa wapi.

Kabla ya lolote, chukua chaki na futi, chora mashine sakafuni pamoja na mwendo wa kigari, kisha wewe na kijana wako mbebe bodi moja nzima kutoka mlangoni mpaka kwenye mchoro. Mkigonga nguzo au mkashindwa kugeuka, jibu langu limebadilika: msumeno wa kabati pamoja na reli ndio utakaokufaa, hata kama bodi ndiyo kazi yako kubwa.

Umeme ndio mtego wa pili. Msumeno wa kabati wa nguvu farasi 3 unafanya kazi vizuri kwa fezi moja, ukiwa na waya na swichi za kutosha. Misumeno mingi ya meza ya kuteleza ya karakana imetengenezwa kwa fezi tatu, na ile ya kuchanja ina mota yake peke yake. Ipo inayouzwa kwa fezi moja, kwa kawaida midogo zaidi, na kwa melamini ya milimita 18 inatosha. Itakuchosha kwenye mbao ngumu ya milimita 70. Mwite fundi umeme aangalie nyumba yako kabla hujalipia, na umwambie wazi kwamba mota inapowaka inavuta umeme mara kadhaa kuliko inapokata.

Ukinunua iliyotumika, ambayo kwa bajeti ya mashine moja naipenda zaidi, usidanganywe na rangi mpya. Shika ncha ya kigari, kinyanyue na kukitikisa. Kikicheza, njia za gololi zake zimelika, na hiyo ndiyo roho ya mashine. Kisukume polepole mwanzo hadi mwisho ukiwa umefumba macho. Mkono utasikia mkwaruzo ambao jicho halioni. Zima umeme, shika bladi, ivute kulia na kushoto kusikiliza beringi za shafti. Halafu omba kukata, na usitosheke na kupima kwa skwea.

Chukua kipande cha MDF cha sentimita 80 kwa 80. Kata ukingo mmoja, kizungushe ili ukingo uliokatwa sasa hivi uegemee fensi ya mkato, kata tena, mpaka pande zote nne zimepita. Mara ya tano, rudi upande wa kwanza na ukate ukanda wa kama milimita 20. Pima upana wa ukanda huo kwenye ncha zake mbili kwa kalipa, kile kipimo cha kubana. Tuseme umepata 20.6 na 20.2: tofauti ni 0.4, igawe kwa nne, kosa la fensi ni 0.1 ya milimita kwenye urefu wa sentimita 80. Kwa makabati hiyo inakubalika. Ikiwa ni mara tano ya hapo, lakini baada ya kurekebisha fensi inatulia, bado ni mashine nzuri. Ikirudi kila mara na namba tofauti, kuna kitu kimelegea, ondoka.

Mwisho, ule msumeno wako mdogo usiuuze. Bladi pana za kuchimba mifereji hazikai kwenye shafti za misumeno mingi ya Ulaya, na hata kubadilisha kutoka bladi ya melamini kwenda ya kupasulia kila saa kutakukera. Uache mdogo kwenye kona ukiwa na bladi ya meno 24, kwa vijiti vyembamba na vya haraka, na mifereji ya migongo ya makabati ichimbe kwa ruta, ile mashine ya mkononi ya kuchimbia mbao.